Muuguzi wa Dawa ya Usingizi: Historia ya Kazi Yake na Amana Aliyoibeba



Mtu wetu akipasuliwa hospitali akatoka salama, twamshukuru Mola, kisha twamshukuru daktari aliyeshika kisu. Hiyo ni haki yake. Lakini ndani ya chumba kile mlikuwa na mtu mwengine, aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho. Kazi yake haikuwa kukata wala kushona, bali kumlaza mgonjwa, kumlinda muda wote aliolala, kisha kumrejesha. Jina lake hatulijui, na mara nyingi hata hatuliulizi. Katika hospitali nyingi za Kenya na Tanzania mtu huyo si daktari. Ni muuguzi au tabibu aliyeongeza masomo juu ya masomo yake ya kwanza. Leo tuitazame historia ya wauguzi hawa, na hasa wale wa Marekani, ambako kazi yao ilipata shule, mitihani na hukumu za mahakama mapema, kwani mna mafunzo ndani yake yanayotuhusu sisi majumbani mwetu.

Waganga wa kale walizijua dawa za kupunguza maumivu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameitaja afyuni katika kitabu chake cha Qanun miongoni mwa dawa za kutia ganzi. Shida ilikuwa ni kipimo: ikipungua haifai kitu, ikizidi inaua. Kwa hivyo kwa karne nyingi mgonjwa alifungwa kamba au akashikwa na wanaume wenye nguvu, na mpasuaji bora alikuwa ni yule mwepesi wa mkono.

Mambo yaligeuka tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani. Mtabibu wa meno aitwaye William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa dawa iitwayo etha, na daktari John Collins Warren akamkata uvimbe wa shingoni pasi na yule kijana kupiga mayowe. Mwaka uliofuata, James Simpson wa Edinburgh akaleta dawa nyengine, klorofomu. Watu wakadhani kuwa taabu imekwisha.

Haikuchukua muda ikadhihiri kuwa haikwisha. Mwezi Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alipewa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki pale pale. Zingatia, ndugu yangu: hakuuawa na kisu, wala ukucha si maradhi ya kuua. Alikufa kwa sababu ya ule usingizi.

Na usingizi huu si kama ule wa usiku. Aliyelala kitandani kwake akikosa hewa hugeuka, na akipaliwa hukohoa. Aliyelazwa kwa dawa hana hayo. Ulimi waweza kurudi nyuma ukaziba njia ya pumzi, naye asitikisike. Mate au chakula chaweza kuingia mapafuni, naye asikohoe. Moyo waweza kupunguza mapigo, naye asilalamike. Kila kinga aliyopewa na Muumba wake imesimamishwa kwa muda, na badala yake pamewekwa mtu wa kumwangalia.

Sasa mtu huyo alikuwa nani? Kwa miaka mingi alikuwa ni yeyote aliyepatikana. Hospitalini walimpa kazi hiyo mwanafunzi wa udaktari au daktari mchanga, ambaye shauku yake yote ilikuwa ni kujifunza kupasua. Basi mkono ulikuwa juu ya kitambaa cha dawa, na macho yakifuata kisu. Wagonjwa wakafa kwa hilo.

Ndipo baadhi ya wapasuaji wakatafuta mtu ambaye jicho lake halitaondoka usoni pa mgonjwa, nao wakampata miongoni mwa wauguzi. Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Mary Bernard, mtawa wa Kikristo, aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1877 katika hospitali ya St. Vincent mjini Erie, Pennsylvania. Kisha akaja Alice Magaw, muuguzi wa hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Minnesota, aliyefanya kazi na madaktari ndugu wawili, William na Charles Mayo. Mama huyu alidondosha etha tone kwa tone juu ya kitambaa, huku akizungumza na mgonjwa kwa upole hata usingizi umchukue, na akitazama pumzi yake na rangi ya uso wake. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa kwa dawa katika hospitali hiyo. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Na hakuwa na mashine tulizo nazo leo. Alikuwa na kipimo, subira na jicho lisilosinzia.

Basi watu wakataka kujifunza. Shule ya kwanza ya wauguzi ya fani hii ilifunguliwa Portland, Oregon, mwaka 1909. Mwaka 1915 ikaanzishwa shule ya Lakeside mjini Cleveland, chini ya muuguzi Agatha Hodgins na daktari George Crile, baada ya wao kuwahudumia majeruhi wa vita kule Ufaransa. Mwaka 1931 Hodgins aliwakusanya wenzake wakaunda chama chao cha taifa, na mwaka 1945 chama hicho kikafanya mtihani wa kwanza wa kuwathibitisha.

Lakini hakuna jambo la kheri lisilopingwa. Baadhi ya madaktari walisema kuwa kumlaza mgonjwa ni udaktari, na muuguzi hana ruhusa. Kesi ikafika mahakama kuu ya rufani ya Kentucky, na mwaka 1917 wauguzi wakashinda. Majaji walieleza kuwa sheria za kuwapa watu vibali vya kazi kama hizi hazikutungwa kwa faida ya wenye kazi, bali kwa faida ya wananchi wanaohudumiwa. Kesi nyengine ilifunguliwa California dhidi ya muuguzi Dagmar Nelson, na mwaka 1936 mahakama kuu ya huko ikaamua kuwa hakuvunja sheria, maadamu alifanya kazi yake chini ya uongozi wa daktari mpasuaji. Mabishano ya kadiri gani muuguzi asimamiwe na daktari hayajakwisha Marekani hata leo, na kila jimbo lina kanuni zake. Lakini lile neno la majaji wa Kentucky lafaa tulishike: kibali ni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa, si kwa ajili ya cheo cha mwenye kibali.

Na wauguzi wenyewe hawakujibu kwa maneno matupu, waliongeza elimu. Leo huko Marekani anayetaka kazi hii lazima kwanza awe muuguzi mwenye shahada, tena awe amefanya kazi si chini ya mwaka mmoja katika wodi ya wagonjwa mahututi. Kisha huingia masomo ya takriban miaka mitatu, ambamo huwalaza wagonjwa si chini ya 600 mbele ya walimu wake, kwa muda wa saa zipatazo 2,000. Tangu mwaka 2022 kila anayeanza masomo hayo huyamaliza kwa shahada ya udaktari wa fani ya uuguzi. Baada ya hapo ana mtihani wa taifa, na kibali chake lazima akithibitishe tena kila baada ya miaka. Wahenga walisema elimu ni bahari.

Ama wajibu wake ni huu. Kabla ya kazi humuuliza mgonjwa maradhi aliyo nayo, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, na saa aliyokula mara ya mwisho. Humtazama kinywa, meno na shingo, ajue njia ya pumzi itakavyokuwa. Huikagua mashine na mtungi wa oksijeni kwa mkono wake. Wakati wa kazi hatoki chumbani. Hufuata mapigo ya moyo, presha, oksijeni ya damu na pumzi, dakika baada ya dakika. Mama anayepasuliwa ili azae, mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, naye muuguzi huwa anazilinda roho mbili. Kazi ikimalizika hamwachi mgonjwa mpaka ameamka, anapumua mwenyewe, na amekabidhiwa kwa mwengine anayejua hali yake.

Tarehe 20 Septemba 1958, Martin Luther King alichomwa kifuani kwa kisu cha kufungulia barua katika mtaa wa Harlem, New York. Miongoni mwa waliokuwa katika chumba cha upasuaji siku hiyo alikuwa muuguzi Goldie Brangman, mwanamke mweusi, aliyempumulisha kwa kuuminya mfuko wa hewa kwa mkono wake. Dunia iliyajua maneno ya King kwa miaka kumi iliyofuata; mkono ule ni wachache walioujua. Mwaka 1973 wenzake walimchagua kuwa rais wa chama chao cha taifa.

Sasa, ndugu msomaji, turudi nyumbani. Mgonjwa akiambiwa asile kitu tangu usiku, mara huja mama au shangazi kwa huruma, akampenyezea kikombe cha chai ya maziwa na andazi, na kumwambia asimwambie mtu. Huruma hiyo yaweza kuwa sumu, kwani chakula kilicho tumboni ndicho kinachopanda na kuingia mapafuni mtu akishalazwa. Kwa kawaida chakula huzuiwa muda wa saa sita au zaidi, na maji matupu saa mbili. Lakini fuata ulivyoambiwa na hospitali yako. Na akiulizwa, aseme kweli: kama amekula, kama anatumia dawa za mitishamba, kama anavuta sigara au anakula miraa. Asione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Muuguzi hukuuliza apate kukulinda. Hakuulizi kwa kukupeleleza.

Tena, binti yako au mwanao akisema anataka kusomea kazi hii, usimwambie kuwa ni kazi ndogo. Amana ni kitu kizito, na hapana amana nzito kuliko mtu aliyefumba macho akakuachia pumzi yake. Kazi kama hiyo yataka mwenye elimu ya kutosha na dhamiri safi, na watu wa namna hiyo hutoka katika nyumba zilizowalea kusema kweli. Na siku jamaa yako atakapotoka salama, kabla hujaondoka hospitalini, uliza: ni nani aliyemlaza? Kisha umshukuru.