Mtunguja, Dawa ya Choa
Solanum incanum

Ukitembea kutoka mtaa wa Kihoto kuelekea Ziwa Naivasha, ni nadra uukose mmea huu: maua ya zambarau yenye kitovu cha njano, majani ya kijivujivu yenye manyoya, na miiba inayoshika nguo. Mbuzi na ng'ombe huupita, ndiyo maana hustawi mahali palipolishwa hadi udongo ukabaki wazi. Wakikuyu huuita mutongu, Wamaasai entulelei. Ni ndugu wa biringanya, ila tunda lake halipikwi.

Wazee hukata tunda vipande viwili na kupaka majimaji yake juu ya choa au chunjua. Si imani tupu. Mwaka 1976, watafiti Beaman-Mbaya na Muhammed walichapisha utafiti kuhusu uwezo wa tunda hili kupambana na vijidudu, wakianzia kwenye matumizi hayohayo ya Waafrika Mashariki dhidi ya kuvu wa ngozi. Mmea una solasodini na kemikali za jamii yake, zenye nguvu ya kutibu na ya kudhuru pia.

Kihoto maji ya ziwa yamefurika mitaani mara kadhaa, na ngozi inayoshinda kwenye unyevu ni mawindo ya kuvu. Hata hivyo, mtunguja si mafuta ya kujipaka. Majimaji yake huchoma, na tunda likiiva na kuwa la njano huwavutia watoto ilhali ni sumu.

Tafadhali usichume. Choa kikienea au kikiingia kichwani, nenda zahanati.