Boksi la sabufa la gari dogo la porini
Boksi la sabufa ni kasha linaloshikilia spika ya besi na kuzuia mawimbi ya sauti ya nyuma yake yasiyafute ya mbele. Katika gari kama Suzuki Jimny, lililoanza kuundwa Japani mwaka 1970, nafasi nyuma ya viti ni finyu mno, hivyo boksi huundwa kwa vipimo vya gari lenyewe. Ujazo wa boksi hukokotolewa kwa vigezo vya Thiele na Small, yaani vipimo vinavyoeleza tabia ya spika. Boksi lililozibwa kabisa kwa kawaida huwa dogo kuliko lenye tundu la hewa. Kuta huwa za MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa, mara nyingi wenye unene wa milimita 18, au za faiba inayofuata mikunjo ya bodi ya gari. MDF huvimba ikilowa, kwa hiyo hupakwa resini. Boksi hukazwa kwa bolti kwenye sakafu, kwani likichomoka kwenye njia mbovu linaweza kuumiza abiria.