Mali Bila Daftari: Trauti wa Mto Gura na Funzo Lake Kwetu



Kila tunapokutana kwa mchango wa mwaka, huwa tunatenga kurasa chache za kijitabu hiki kwa historia. Tumewahi kuandika juu ya shule, makanisa na viwanda vya chai. Safari hii tunaandika juu ya samaki. Tunajua wazee watacheka, maana kwetu samaki hakuwa chakula. Babu zetu waliishi kando ya maji yasiyokauka mwaka mzima na hawakumla. Lakini habari za samaki huyu ni habari za mto wetu, na pia ni habari za namna watu wanavyochanga fedha na kuzitunza. Sisi tulioandika kurasa hizi tunaishi Nairobi na wengine wetu hula mkate kwa kukagua vitabu vya hesabu. Hivyo mtatusamehe tukisoma hata mto kwa jicho la daftari.

Mayai juu ya vichwa

Gura huanzia juu ya Nyandarua, kwenye nyanda za baridi ambako maporomoko ya Karuru hushuka mita 273 kwa ngazi tatu. Kutoka huko mto hupita msituni, kisha katika mashamba ya chai na ya kahawa, na mwisho maji yake huishia katika mto Tana. Kila mtoto wa kwetu anaijua kasi yake. Ukitupa jani darajani, hulioni tena.

Mwaka wa 1905, mlowezi Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa Loch Leven, Scotland. Yalikuja kwa meli, yakapanda reli, na mwisho yakabebwa vichwani mwa wapagazi kuvuka Nyandarua hadi Gura. Ndipo trauti alipoanza kuishi Kenya. Mnamo 1910 akaletwa nduguye, trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini, na mito mingine ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikajazwa.

Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa. Walibeba mayai ya samaki wasiyemla, wakamtia katika mto wao wenyewe, na baadaye wakaambiwa kwamba kumvua kunahitaji leseni. Huyo Grogan, mnamo Machi 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, kisha akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hatuandiki haya ili kufukua uhasama. Tunaandika kwa sababu historia ya mto isiyotaja migongo iliyolipa gharama ni kama mizania yenye upande mmoja.

Kilabu na ada yake

Hata hivyo, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Liko jambo moja ambalo wavuvi wale walilijua vizuri, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Uvuvi wao si wa nyavu wala wa minyoo. Mvuvi hutumia nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mnyama mpaka ifanane na mdudu wa majini. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo uzito unawekwa katika mshipi wenyewe, na mvuvi huupeperusha mbele na nyuma kwa fimbo ndefu mpaka nzi atue juu ya maji kama aliyeanguka mwenyewe. Kazi ya kufunga nzi hao ilikuwa ajira kwa Wakenya wengi, hasa kina mama, na nzi waliofungwa Kenya wameuzwa hadi Ulaya na Marekani.

Mchezo wa namna hii hauwezekani kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu trauti ni samaki mgumu kutunza. Anataka maji baridi. Joto likizidi nyuzi 20 huanza kutaabika. Anataka maji yenye hewa nyingi, yanayokimbia juu ya mawe. Jike huchimba shimo kwa mkia katika changarawe na kutaga humo, na matope yakishuka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni hufunika mayai yakafa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo, anayetaka trauti hawezi kutunza samaki peke yake. Lazima atunze maji, na ili atunze maji lazima atunze ukingo na msitu ulio juu yake.

Ndiyo maana wavuvi wa nzi, hapa Kenya na kwingineko, walijiunga katika vilabu. Kilabu ya namna hiyo huwa na ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka. Mgeni hulipa ya kwake kwa siku anayovua. Kuna mashindano yenye kiingilio, na chakula cha jioni mara moja kwa mwaka, ambapo fimbo za kuvulia na nzi waliofungwa kwa mkono huuzwa kwa mnada. Fedha zinazopatikana hulipa mlinzi wa mto, hutengeneza njia na banda, na hununua vifaranga vya kurudishia mtoni. Kila mvuvi huandika kitabuni siku aliyovua, sehemu ya mto, idadi ya samaki aliowapata na wangapi aliowarudisha majini. Mwisho wa mwaka katibu husoma kitabu hicho, na wanachama wanajua kama mto wao umepata afya au umeugua.

Serikali nayo iliingia. Mnamo 1948 kulijengwa kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo, kinachojulikana na kila mtu aliyepanda matatu ya Nyeri kwenda Nanyuki. Vifaranga vilitoka huko kwenda mitoni. Nyumba ya Sagana, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya arusi, ilijengwa karibu na mto wa trauti. Huu ulikuwa mchezo wa wakubwa, na wetu waliufikia kwa kubeba mizigo tu.

Mpaka wa msitu

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Mwaka uliofuata msitu wa Nyandarua ulipigwa marufuku. Aliyeonekana humo alipigwa risasi. Watu wetu waliondolewa mashambani wakasongamanishwa vijijini, na nyanya zetu wakalazimishwa kuchimba mahandaki ili wapiganaji walio msituni wasipate chakula. Mpaka kati ya msitu na mashamba ulichimbwa kwa jasho lisilolipwa na lisiloombwa.

Tunautaja mpaka kwa sababu haukuisha hapo. Baada ya uhuru, msitu ule uliliwa polepole. Miti ilikatwa, makaa yakachomwa, mashamba yakapanda miteremko. Tembo walishuka kula mahindi, na Gura ikageuka rangi kila mvua iliponyesha. Mwaka wa 1988 likaundwa shirika la Rhino Ark, kwanza kwa ajili ya kuwalinda faru wa Nyandarua. Mwaka wa 1989 wakaanzisha mashindano ya magari porini, Rhino Charge, ambayo kila timu hutakiwa kuja na mchango iliouchangisha yenyewe. Fedha hizo zilijenga ua wa umeme kuzunguka Nyandarua.

Hawakuujenga kwa siku moja. Waliujenga kipande kwa kipande kwa takriban miaka 20, mpaka ulipofika kilomita 400 hivi. Uliozindua mwisho wake, Agosti 2009, ni mkono wa Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya. Ua uliokusudiwa faru umewasaidia tembo na mahindi, umewasaidia trauti, na umetusaidia sisi tunaokunywa maji yanayotoka juu.

Tazameni basi. Mpaka uleule wa msitu uliochimbwa na nyanya zetu kwa kulazimishwa, kizazi cha baadaye kimeuwekea ua kwa michango ya hiari. Tofauti kubwa ni hii: mwaka kwa mwaka, mchangaji aliweza kuonyeshwa nguzo zilizosimikwa kwa fedha yake.

Bomba letu

Sasa turudi nyumbani, na tuseme ukweli kama watu wa familia moja.

Sisi ni hodari wa harambee. Tangu Mzee Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa wito wa taifa, shule zetu nyingi, zahanati na mabomba vimejengwa kwa njia hiyo. Siku ya mchango tunavaa vizuri, tunatangaza ahadi kwa sauti, tunapigiwa makofi. Tukishaondoka, daftari hubaki kwa mtu mmoja, na mara nyingine hubaki kichwani mwake tu.

Wengi mnakumbuka bomba tulilochangia la kuleta maji kutoka mtoni hadi shuleni na sokoni. Mchango ulifana. Mitaro ilichimbwa, mifereji ikatoa maji, tukapiga picha. Mwaka wa tatu chujio liliziba kwa matope, kiungo kimoja kikapasuka, na haikupatikana hela ya fundi. Hakuna aliyeiba. Tulipita risiti moja baada ya nyingine na zote zilikuwa halali. Kosa letu lilikuwa moja: tulichangia kujenga, hatukuchangia kutunza. Bajeti ilikuwa na mstari wa mabomba, wa saruji na wa chakula cha wageni. Haikuwa na mstari wa mwaka wa pili.

Wavuvi wa trauti wasingekosea hapo. Mtu anayerudisha vifaranga mtoni anajua mapema kwamba mwakani atatakiwa kumlipa mlinzi, na mwaka mwingine pia. Kwa kilabu, mchango ni kama mwanzo wa ndoa. Kwetu umekuwa arusi tu.

Mto wenyewe leo ni wetu kwa namna ambayo babu zetu hawakuiona. Sheria ya Maji ya 2002 ilifungua njia ya jumuiya za watumiaji maji, na Sheria ya Misitu ya 2005 ikazipa jamii zinazopakana na msitu nafasi ya kushiriki kuusimamia. Maji ya Gura yanazalisha umeme kwa ajili ya viwanda vyetu vya chai. Mama Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, umbali mfupi kutoka ukingo huu, alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 kwa vitalu vya miche vilivyotunzwa na kina mama wa vijijini, na mnamo 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye pia hakuhesabu miche iliyopandwa tu. Kina mama walilipwa kidogo kwa mche uliothibitika kuwa umeshika na unaishi. Hiyo ni hesabu ya mtu anayejua kutunza.

Tunachowaomba mwaka huu

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi ahadi kubwa ya siku moja. Tunaomba ada.

Tuchukue mfano. Wanachama 200 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, tunapata shilingi 100,000 kwa mwezi, ambazo ni 1,200,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakimuumizi mwenye kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na hakimwaibishi mkulima anayengoja malipo ya majani ya chai. Robo yake ikiwekwa kando kwa matengenezo peke yake, tunapata shilingi 300,000 kila mwaka za fundi, za chujio, na za miche ya asili ya kupanda ukingoni pale matope yanapoingilia.

Kwa upande wetu, sisi tulio na kalamu tunajifunga kwa mambo matatu. Hesabu zitasomwa katika mkutano mkuu wa mwaka na kubandikwa ukutani sokoni, si kwenye simu za wachache tu. Fedha za matengenezo zitakaa katika akaunti yake na hazitaguswa hata tukiona jambo jingine zuri namna gani. Na patakuwa na daftari la mto, kama la wavuvi: kila mwezi vijana wa shule wataandika rangi ya maji, kina chake darajani na hali ya ukingo. Mwaka ujao tutawasomea daftari hilo katika kijitabu hiki hiki.

Wazee walituachia msemo, mali bila daftari hupotea bila habari. Wapagazi waliobeba mayai mwaka wa 1905 walipotea bila habari kwa sababu waliokuwa na daftari hawakuona haja ya kuwaandika. Leo daftari liko mikononi mwetu. Kila atakayetoa, hata shilingi 50, jina lake litaandikwa, na kazi ya shilingi hiyo itaandikwa mbele ya jina.

Karibuni tuchange, na mwakani karibuni tena.