Usingizi wa watoto njiti

Usingizi wa watoto njiti ni usingizi wa watoto waliozaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, hasa wanapokuwa wamelazwa katika wodi maalumu ya watoto wachanga. Mtoto njiti hulala sehemu kubwa ya siku, lakini hospitalini usingizi wake hukatizwa mara nyingi. Kuulinda ni sehemu ya matunzo yake, kwa sababu ubongo wake bado unajengeka.

Aina za usingizi

Kuna aina mbili kuu. Katika usingizi wenye mijongeo, macho huchezacheza chini ya kope, viungo hushtuka na pumzi haina mpangilio. Katika usingizi mtulivu, mwili hutulia na pumzi huenda sawasawa. Usingizi wa njiti huwa zaidi wa aina ya kwanza. Ule mtulivu huongezeka kadiri anavyokua. Hivyo mtoto anayekunja uso au kurusha mkono huenda bado amelala.

Mambo yanayokatiza usingizi

Tumboni mwa mama kuna giza na sauti hufika hafifu. Wodini kuna taa, ving'ora vya mashine, mazungumzo na milango ya inkubeta inayofungwa kwa kishindo. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitahadharisha kuhusu kelele zinazozidi desibeli 45. Pia mtoto huamshwa ili apimwe, atobolewe kisigino kutolewa damu au abadilishwe nepi.

Njia za kusaidia

* Kupunguza sauti za watu na mashine, na kufunga milango ya inkubeta polepole.
* Kufunika inkubeta kwa kitambaa, au kupunguza taa usiku na kuziongeza mchana.
* Kufanya huduma kadhaa kwa pamoja mtoto akiwa macho, bila kumchosha, badala ya kumwamsha kila mara.
* Kumzungushia nguo zilizokunjwa ili alale amejikunja kama alivyokuwa tumboni.

Huduma ya kangaruu

Katika njia hii mtoto huwekwa kifuani pa mama au mlezi mwingine, ngozi kwa ngozi. Ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati hospitali ilipokuwa na uhaba wa inkubeta. Joto na utulivu wa kifua humsaidia mtoto kulala kwa utulivu zaidi.

Utafiti uliofanyika Ghana, Malawi, Nigeria, Tanzania na Uhindi, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa takriban asilimia 25. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itolewe kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kulala nyumbani

Wodini njiti anaweza kulazwa kifudifudi ili apumue vizuri, kwa kuwa mashine humfuatilia. Kabla ya kuruhusiwa huzoeshwa kulala chali, na nyumbani hulazwa chali kila mara ili kupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.