Kiswahili Shuleni Uganda: Kwa Nini Amri Zilikwama

Kila muhula wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha hutuuliza swali lile lile: imekuwaje Kiswahili kitangazwe mara nyingi hivi nchini Uganda, na bado mwalimu wake aingie darasani kama mgeni? Swali hili si la lugha tu. Ni swali la jinsi jambo jipya linavyopokelewa au kukataliwa na asasi yenye desturi zake, iwe shule, kanisa au jeshi. Katika makala haya tungependa kulijibu kwa njia ya historia, kisha tufike Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, ambako wanafunzi wetu walitufunza jambo.

Mwaka 1927 Gavana W. F. Gowers alitoa waraka akipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kwenye karatasi hoja zake zilikuwa nzuri: lugha moja badala ya nyingi, vitabu vya aina moja, gharama ndogo. Tatizo ni kwamba shule hazikuwa za gavana. Zilikuwa za misheni, na misheni walikuwa wamekwisha kutumia miaka mingi kuchapa Biblia na vitabu vya Kiganda. Aidha, wakati ule ule Waingereza walikuwa wakifikiria kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waganda waliona nyuma ya Kiswahili kivuli cha walowezi wa Kenya na hatari ya kupoteza ardhi. Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929, na maaskofu nao wakapinga. Gowers alileta lugha, watu wakasikia habari ya mashamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa shuleni, isipokuwa katika shule za kambi za polisi.

Hapo kwa polisi panastahili kutazamwa. Katika jeshi na polisi Kiswahili hakikuhitaji kampeni. Askari kutoka Acholi, West Nile na Teso walikutana katika kikosi kimoja, amri zilitolewa kwa Kiswahili, na asiyeelewa aliona hasara yake asubuhi hiyo hiyo kwenye gwaride. Mmarekani Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kuenea kwa mambo mapya, alieleza kwamba watu hulipokea jambo wanapoiona faida yake, wanapoweza kulijaribu kidogo kidogo, na linapoafikiana na maisha waliyonayo. Kambi ilikuwa na yote matatu. Shule haikuwa na hata moja.

Lakini mafanikio ya kambini yalikuwa na gharama. Mwaka 1973 Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, wawakilishi wa wilaya walikuwa wameulizwa, na wilaya 12 zilikichagua dhidi ya 8 zilizotaka Kiganda. Kwa hiyo si kweli kwamba kililazimishwa na mtu mmoja, kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo, walimu hawakuandaliwa, na sauti ya Kiswahili ambayo raia wengi waliisikia ni ile ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Hapa Mbarara, mji wenye kambi ya jeshi ya Simba, sifa hiyo mbaya ilishika mizizi. Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huu, yakizungumza Kiswahili cha namna nyingine, lakini shule hazikubadilika kwa hilo.

Yaliyofuata tunayajua. Waraka wa serikali wa elimu wa mwaka 1992 ulitaka Kiswahili kifundishwe msingi na sekondari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini kitumike katika mazingira ambayo Bunge lingeyaweka kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya cha lazima katika miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe cha lazima msingi na sekondari. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwa miaka mingi umekuwa wa masomo manne, na Kiswahili hakimo. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa matokeo hayo atampa mwalimu wa Kiswahili kipindi gani? Tuliona ratiba ya shule moja: Ijumaa, kipindi cha mwisho. Hatumlaumu sana.

Sasa Misiera. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda, na baadaye Wakongo kwa wingi. Hakuna baraza lililowaagiza Wakongo kuzungumza Kiswahili. Wanauzia ndizi, wanaimbia kanisani, wanagombania foleni ya maji. Mtoto wa Kinyankole anayetaka kucheza nao mpira anakiokota uwanjani.

Wanafunzi wetu walifika huko na vitabu sanifu mkononi. Mtoto mmoja aliandika “batoto banacheza”. Mwanafunzi wetu akaweka alama ya kosa, tena kwa wino mwekundu, na mtoto yule hakuinua mkono tena wiki nzima. Tulipoketi jioni kulijadili, dada mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza: “Mwalimu, tunalia hatuna wasemaji, na hawa tunawanyamazisha?” Hatukuwa na jibu. Tulikuwa sisi tuliomfundisha mwenzake kuweka alama ile.

Kuna walimu Wakongo pale ambao wangeweza kusaidia, lakini vyeti vyao ni vya Kifaransa na lazima vilinganishwe kwanza na vya Uganda, kazi yenye ada na safari. Baadhi yao wanauza mkaa.

Muhula ujao tunawarudisha wanafunzi Misiera. Safari hii wiki ya kwanza hawatafundisha. Watakaa uwanjani na sokoni na daftari, waandike jinsi watoto wanavyosema, na dada yule ndiye atakayeongoza kundi.