Tunda Ligeuzalo Uchachu Kuwa Utamu

Msomaji, kata ndimu uilambe. Uso utakunjamana mara moja. Lakini katika misitu ya Afrika ya Magharibi hadi Kongo, huota kichaka chenye tunda ligeuzalo jambo hilo. Tunda lenyewe ni jekundu, dogo kama ncha ya kidole, lina kokwa moja na nyama chache isiyo na utamu mwingi. Ukilitafuna na kulizungusha ulimini, kisha ukailamba ndimu ile ile, utadhani imetiwa sukari. Hali hiyo huweza kudumu yapata saa moja. Waakani wa Ghana huliita asaa, na Wayoruba wa Nigeria huliita agbayun.

Mwaka 1725 msafiri Mfaransa, Chevalier des Marchais, aliwaona wenyeji wakilitafuna kabla ya kula. Mwaka 1852 tabibu Mwingereza, William Daniell, akaandika kwamba watu walilitumia ili kuondoa uchachu wa mkate wa mahindi na wa tembo lililochacha. Basi, mtu akikwambia kwamba wageni hao ndio waliolivumbua tunda hili, usikubali. Walionyeshwa na watu waliokwisha kulijua na kulipa jina.

Mwaka 1968 wataalamu walifaulu kutenga protini iletayo ajabu hiyo, nayo huitwa mirakulini. Hushikamana na sehemu za ulimi zionjazo utamu, na kitu kichachu kifikapo huziamsha. Huko Marekani watu walitumaini kuitumia badala ya sukari, hasa kwa wagonjwa wa kisukari. Lakini mwaka 1974 serikali ilikataa, kwa kuwa haikuridhika na ushahidi wa usalama wake. Umoja wa Ulaya uliruhusu tunda lililokaushwa liuzwe mwaka 2021, karibu miaka 300 baada ya safari ya des Marchais.

Majina ya msafiri na tabibu yamo vitabuni. Jina la mwenyeji aliyewaonyesha tunda halimo. Hapana budi tujifunze kwa hasara hiyo. Utakaporudi nyumbani likizo hii, waulize wazee habari za matunda ya mwituni: lipi huliwa, lipi ni sumu, na lilitumiwaje zamani. Usionje usilolijua. Andika jina la mti katika daftari lako, na kando yake uandike jina la mzee aliyekufundisha.