Maana na Mfano: Asili ya Kamusi za Wanaojifunza Kiingereza

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili twafundisha Kiingereza pia, tena kwa wanafunzi walewale. Ni jambo la kawaida kumkuta mwanafunzi aliyekariri orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza pamoja na maana zake, lakini akipewa insha asiweze kuyatumia. Je, kasoro ni ya mwanafunzi au ya orodha? Historia ya kamusi yaweza kutusaidia kujibu.

Kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitungwa na mwalimu wa shule, Robert Cawdrey, mwaka 1604. Ilikuwa na maneno magumu yapatayo 2,500, yenye maelezo mafupi mno na bila sentensi za mifano. Ilimfaa msomaji aliyetaka kulielewa neno, siyo aliyetaka kulitumia. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yenye maneno zaidi ya 40,000, akayatolea ushahidi kwa madondoo zaidi ya 100,000 ya waandishi mashuhuri. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, baadhi ya maelezo yake yalikuwa magumu kuliko maneno yaliyoelezwa, na madondoo yale yalimfaa zaidi mtu aliyekwisha kuijua lugha.

Tatizo la mgeni lilikuja kushughulikiwa na walimu waliofundisha mbali na Uingereza. Michael West, aliyefundisha Bengal, alitambua kwamba haifai kumweleza mwanafunzi neno asilolijua kwa maneno mengine asiyoyajua. Mwaka 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu.

Huko Japani, A. S. Hornby, aliyefika mwaka 1924, alishughulikia upande wa pili, yaani matumizi. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield alitunga kamusi iliyomwonyesha mwanafunzi jinsi kila kitenzi kinavyojenga sentensi, na kutoa mifano mifupi ya lugha ya kila siku. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati wa vita, na mwaka 1948 ikatolewa tena na Oxford. Kutokana nayo imezaliwa kamusi ya Oxford ya wanafunzi ambayo imeenea duniani kote.

Faida ya mfano yaonekana wazi kwa mwanafunzi wetu. Akiambiwa kwamba "make" ni kufanya, na "do" pia ni kufanya, atachagua lipi? Kwetu mtu hufanya kazi na hufanya kosa kwa kitenzi kimoja. Mwingereza, kinyume chake, husema "do the work", lakini "make a mistake". Orodha ya maana haiwezi kumfundisha tofauti hiyo. Sentensi mbili zaweza.

Sisi walimu wa Kiswahili tusidhani kuwa jambo hili ni la Kiingereza pekee. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 1981, ilieleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mengi ikayatolea mifano. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, mifano hiyo ni hazina.

Basi yafaa daftari la msamiati liwe na sehemu tatu: neno, maana kwa maneno mepesi, na sentensi iliyosomwa au kusikika mahali. Kisha mwanafunzi aongeze sentensi yake mwenyewe, na mwalimu aisahihishe. Maneno matano yaliyofundishwa hivyo yatamfaa mwanafunzi kuliko hamsini yaliyokaririwa, kwa sababu hayo matano ataweza kuyasema na kuyaandika.